Unaishi Kisumu, unashindana Nakuru: 4A-GE yako ijengwe vipi

Swali: Habari yako fundi. Naishi Kisumu, nina Corolla 110 ambayo huipeleka autokrosi (mbio za magari za uwanja wa vumbi) Nakuru mara chache kwa mwaka. Nimenunua injini ya 4A-GE ya vali 20, ile yenye kifuniko cheusi, ex-Japan, na bado haijafunguliwa. Nina shilingi 350,000. Rafiki mmoja ananiambia nibadilishe kamshafti (mhimili unaofungua vali) na ekzosti, mwingine anasema niweke tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, nimalize kazi. Mimi nataka ifike mizunguko 9,000 kwa dakika. Nianzie wapi ili isinipasukie?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujashika spana, umeipima? Injini ya ex-Japan ni kama ng'ombe wa mnadani: ngozi inang'aa lakini meno hujayaangalia. Ifungie stata na betri nzuri, toa plagi zote nne, fungua throtli zote mpaka mwisho, kisha pima kompresheni silinda moja baada ya nyingine mpaka sindano iache kupanda.

Hapa ndipo watu wengi wa huku kwetu hutupa injini nzima bila kosa. Namba za kitabu zimeandikwa kwa mtu aliye kando ya bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130 na kitu. Silinda ambayo Mombasa ingesoma PSI 200, Kisumu itasoma kama 175 na Nakuru kama 160, na haina ugonjwa wowote. Nimeshuhudia injini nzima ikiuzwa chuma chakavu kwa sababu fundi alisoma 160 akatikisa kichwa. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiachana zaidi ya PSI 15, kuna jambo.

Baada ya hapo, pima uvujaji. Pistoni iwe juu kabisa na vali zimefunga, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, uone asilimia ngapi inatoroka. Chini ya 10 ni afya. Ikipita 20, tafuta inakotokea. Hewa ikisikika kwenye throtli, vali za kuingiza hazikai vizuri. Ikisikika kwenye ekzosti ni za kutoa. Ikipanda kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, na rediata ikitoa mapovu ni gasketi au hedi iliyopasuka. Kipimo hiki kitakwambia kama pesa zako zinakwenda kwenye kujenga au kwenye kuzika.

Sasa tuje kwenye nguvu. Toyota iliitangaza hiyo injini kwa nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, kompresheni ya 11 kwa 1 (hewa inakandamizwa mpaka sehemu moja ya kumi na moja), kipenyo cha silinda milimita 81, mwendo wa pistoni milimita 77, jumla cc 1,587. Kwa injini ya miaka ya tisini isiyo na tabo, hiyo ni kazi ya watu waliojua wanachofanya: vali tatu za kuingiza na mbili za kutoa kwa kila silinda, na throtli ya kila silinda peke yake. Lakini zile farasi 165 ni za hewa nzito. Nakuru hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo una kama 132. Kisumu utakuwa na 144 hivi, kabla joto la ziwani halijadai chake. Kwa hiyo usishangae ukiiweka kwenye gari ukaona haifanani na video ulizotazama. Injini ni nzima, mlima umekutoza ushuru.

Mlima huo huo unakurudishia kidogo. Hewa ikiwa nyepesi, silinda haijai kama ingejaa pwani, kwa hiyo shinikizo la mwisho kabla ya plagi kuwasha ni dogo, na hatari ya injini kugonga inapungua. Simaanishi kugonga kwa beringi iliyokufa. Namaanisha ule mlio wa kokoto kwenye mkebe, pale mchanganyiko unapojilipukia wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Nafasi hiyo unaweza kuitumia kupandisha kompresheni, na kompresheni ni nguvu utakayoipata kwenye kila mzunguko, hata ukitoka kwenye kona polepole.

Kiasi gani? Mtu anayeishi Nakuru na haendi popote ningemwambia afike 12. Wewe unaishi Kisumu, ambako hewa ni nzito zaidi na jua ni kali, na super ya vituoni kwetu haifikii ile petroli ya bei ya juu ya Japani ambayo injini hii iliundiwa. Injini hujengewa mahali pabaya zaidi itakapofika. Kwako nasema 11.5, basi.

Hesabu yake ni hii. Kila silinda ina cc 396.7. Kwenye 11 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni cc 39.7. Gasketi ya hedi ikipungua unene kwa milimita 0.4, unaondoa kama cc 2, nafasi inakuwa 37.6, na uwiano unapanda hadi 11.5 na kidogo. Kubadilisha gasketi tu kunaweza kukufikisha, bila kununua pistoni. Lakini usiamini hesabu yangu kwa injini yako. Huenda hedi yako ilishaskimiwa, yaani kusagwa uso, na mtu huko ilikotoka. Chukua sirinji kubwa ya duka la dawa, kioo cha plastiki chenye tundu, grisi kidogo ukingoni, jaza chemba kwa mafuta ya taa uhesabu cc moja moja. Fanya zote nne. Zikitofautiana, zisawazishe kwa kusaga chemba ndogo zifuate kubwa.

Ukishusha hedi namna hiyo, vali zimesogea karibu na pistoni, na taiming ya kamshafti imechelewa kidogo kwa sababu belti ina umbali mfupi wa kwenda. Bandika plastisini ya watoto wa shule juu ya pistoni, funga hedi na gasketi uliyochagua, zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastisini upime. Nataka milimita 2 kwa vali za kuingiza, 2.5 kwa za kutoa. Na kwa sababu hii ina taiming inayojigeuza upande wa kuingiza, pima ikiwa imegeuzwa mpaka mwisho, sio ikiwa imelala tu.

Nije kwenye kazi yenyewe, ile ambayo haionekani mtu akifungua boneti. Tofauti ya injini ya mashindano na injini iliyofanyiwa ovahoo kando ya barabara ni vipimo. Unahitaji maikromita, boa geji (ya kupimia kipenyo cha ndani) na daftari. Kila jeno la kranki, ile shingo inayozunguka ndani ya beringi, lipimwe sehemu mbili, kwa pande mbili, kwa sababu jeno huchakaa likawa yai. Kanuni ya zamani ni kuipa beringi nafasi ya elfu moja ya kipenyo cha jeno: jeno la milimita 40 linataka kama milimita 0.04 ya oili. Injini itakayopelekwa kwenye mizunguko mingi huongezwa kidogo, 0.05, na oili yake iwe nzito kiasi. Ringi za injini isiyo na tabo zipewe pengo la 0.004 kwa kila milimita ya silinda, kwa hiyo kwako 0.32 kwa ringi ya juu. Pengo likiwa dogo kuliko hilo, ringi ikipata moto ncha zinakutana, inang'ang'ania ukuta, na pistoni inavunjika ukingo. Pengo likizidi kidogo unapoteza nguvu kidogo tu. Ukikosea, kosea upande huo.

Kuhusu kuchonga silinda, mwambie mwenye mashine afunge bamba zito juu ya bloku kwa bolti za hedi, kwa torki ile ile, ndipo ahoni, yaani asugue silinda kwa mawe laini. Bolti zikikazwa bloku hujinyonga, na silinda iliyohoniwa bila bamba ni duara tu mpaka utakapofunga hedi. Akikucheka, beba bloku yako uende kwa mwingine.

Halafu usafi. Nitakusimulia aibu yangu. Injini ya kwanza niliyojenga kwa pesa ya mtu ilitoka kuchongwa ikiwa imeoshwa, inang'aa, nami nikaamini macho yangu. Sikutoa zile plagi ndogo zinazoziba mifereji ya oili ndani ya bloku. Nyuma ya moja kulikuwa na unga wa chuma umeshikana na grisi. Injini iliwaka vizuri, ikanguruma dakika arobaini, kisha beringi ya konrodi ya tatu ikazunguka kwenye makao yake ikala kranki. Nililipa kranki ile miezi mitano. Sasa bloku haifungwi kwangu kabla sijatoa kila plagi, nikapitisha brashi ya bunduki kwenye kila mfereji, maji ya moto na sabuni ya kufulia, hewa, na mwisho kitambaa cheupe chenye oili kwenye silinda. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijivu, rudia. Huwa narudia mara nne au tano, na mke wangu ameshakata tamaa na vitambaa vyake.

Hiyo 9,000 unayoitaka, nakuomba uiweke kando. Kwenye 8,000 pistoni zako zinasafiri kwa wastani wa mita 20.5 kwa sekunde. Hapo vifaa vya Toyota bado vinapumua. Kwenye 9,000 ni mita 23, na ongezeko hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba nguvu inayomvuta konrodi kuachana na kranki hupanda kwa mraba: ni asilimia 27 zaidi. Kinachokatika kwanza ni bolti ya konrodi, na ikikatika utaona ndani ya bloku yako kupitia dirisha jipya. Kufika huko unahitaji konrodi za chuma kilichofuliwa, bolti za daraja la ARP, springi kali za vali, na kamshafti itakayokuwa inavuta hewa huko juu. Bila kamshafti hiyo hakuna nguvu ya kuifuata kwenye 9,000, ni kelele tu. Kwa 350,000 hufiki. Weka kikomo 8,000, nunua bolti mpya za konrodi hata kama konrodi ni zile zile, na usirudie bolti za zamani kwa huruma ya mfuko.

Hii inajibu pia suala la kamshafti: si sasa. Autokrosi ya uwanja wa vumbi ni gia ya pili, kona, gia ya pili tena. Kamshafti kali inaondoa nguvu ya chini, ambayo mwinuko tayari umeipunguza, ikakupa nguvu mahali ambapo utafika sekunde mbili kwa kila mzunguko wa uwanja. Ekzosti nzuri, sawa, lakini manifoldi ya asili ya hiyo injini si mbaya. Anza na bomba la nyuma.

Tabo? Kompresheni ya 11 na tabo kwa bajeti yako ni kuchoma pesa. Tabo ndiyo dawa ya kweli ya mwinuko, sikatai, lakini hata yenyewe huku juu inahenyeka. Kutoa msukumo ambao pwani ungehitaji kuikandamiza hewa mara 1.7, Nakuru itabidi iikandamize mara 2.1, kwa kasi zaidi na joto zaidi. Hiyo ni injini nyingine, yenye pistoni nyingine. Tutazungumza ukishinda bahati nasibu.

Mahali pesa yako inapotakiwa kwenda, baada ya vipimo, ni oili na kompyuta.

Oili kwanza. Kwenye kona ndefu oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), mdomo wa pampu unavuta hewa, na beringi inakaa sekunde moja bila chochote. Sekunde moja kwenye 7,500 ni mizunguko 125 ya chuma juu ya chuma. Mpelekee fundi wa kuchomelea sampu yako, aweke kuta za bati ndani kuzunguka mdomo wa pampu, na milango midogo ya bawaba inayofunguka kuelekea ndani tu. Kazi ya siku moja. Weka na geji ya shinikizo la oili yenye taa kubwa nyekundu, kwa sababu kwenye vumbi hutasoma sindano.

Kompyuta sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni wewe na barabara yako. Injini yenye throtli nne haina mvuto tulivu kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, kwa hiyo watu wengi wanapoweka kompyuta ya kuprogramiwa huiambia isome pembe ya throtli na mizunguko tu, ipime petroli kwa hayo. Inafanya kazi vizuri kabisa, mahali ulipoituni. Sasa ituni Nakuru, lambda 0.88 throtli ikiwa wazi, tamu. (Lambda ni kipimo cha hewa kwa petroli: 1 ni sawasawa, chini yake petroli imezidi.) Jumapili jioni unarudi nyumbani. Unapanda Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, hewa imepungua lakini kompyuta haijui, inamwaga petroli ile ile: lambda inashuka karibu 0.81, moshi mweusi, plagi zinalowa. Hilo ni kero tu. Unashuka Kericho, unatokea Ahero, joto limepanda, na sasa shinikizo la hewa limezidi la Nakuru kwa asilimia 9. Kompyuta bado inatoa petroli ya Nakuru. Lambda yako ni 0.96 throtli ikiwa wazi, na kompresheni tumeipandisha, na taiming ya plagi uliisogeza mbele ukiwa kwenye hewa nyepesi. Ukimfukuza mtu kwenye ule mnyoofu wa Ahero kwenda Kisumu, pistoni inaweza kuyeyuka. Utamlaumu fundi, utalaumu petroli, na sababu ni sensa ya bei ya viatu.

Dawa ni sensa ya shinikizo la hewa ya nje, ikae peke yake mbali na manifoldi, na kompyuta iambiwe irekebishe petroli na taiming kwa kuifuata wakati wote, sio ukiwasha tu. Kompyuta karibu zote za kuprogramiwa zinaweza: Link, Haltech, hata Speeduino ambayo vijana wanajiunganishia wenyewe nyumbani. Nunua na sensa ya lambda ya masafa mapana, uifunge kwenye ekzosti moja kwa moja. Ituni Kisumu kwanza, mchana wa jua kali, kwenye petroli ya kituo unachokitumia, ndipo upande nayo Nakuru kuthibitisha. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mashindano yako huko.

Kusikia injini ikigonga wakati wa kutuni, chukua bomba dogo la shaba, ponda ncha moja, itoboe, uifunge kwa bolti kwenye bloku katikati ya silinda. Ncha nyingine iunge na mpira mrefu mpaka ndani ya gari, na kifaa cha masikio cha daktari. Mmoja aendeshe, mmoja asikilize. Kokoto zikisikika, rudisha taiming digrii mbili, na usijaribu kurudi tena pale kwa tamaa. Ukiona kuongeza taiming hakuongezi nguvu, simama hapo hata kama hakuna kokoto.

Ukipita Kericho kumbuka kwamba hapo ndipo alipozaliwa Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imeshatumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1,600, injini ya ukubwa kama wa hii yako. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Magari yenye nguvu kuliko yake yalikuwepo, mengi yakiwa yamekwama njiani.

Mgawanyo wa pesa, kwa makadirio yangu: robo kwa mashine, vipimo, beringi, ringi, gasketi, bolti, belti ya taiming na pampu ya maji. Nusu kwa kompyuta, sensa na nyaya, na hapa usibanie. Kinachobaki ni sampu, rediata, klachi, na elfu ishirini uifiche usiiguse, kwa sababu kuna kitu kitavunjika wakati wa kuifunga.

Siku ya kuiwasha, zungusha kwanza bila plagi mpaka geji ya oili ipande. Ikiwaka usiiache ikinguruma nusu saa gari likiwa limesimama, ringi hazikai kwa upole. Ipashe moto, angalia uvujaji, ingia barabarani. Gia ya tatu, throtli nusu kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, achia mguu ijishikilie mpaka chini, rudia mara ishirini, kila mara ukiongeza kidogo. Ule mvuto wa kuachia mguu ndio unaovuta oili kuosha kuta. Mwaga oili baada ya kilomita 50, kata filta kwa msumeno wa bati, tandaza karatasi yake juani upitishe sumaku. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa kama magamba ya omena, usiiwashe tena. Nipigie picha unitumie kabla hujafungua chochote.